Je, Masikio Yananunulika?

Hebu tulitazame swali ambalo huko Ulaya na Marekani limewagombanisha watu wazima wenye akili zao: je, kisanduku cha kuunganishia waya za mtandao kinaweza kuufanya muziki usikike vizuri zaidi nyumbani?

Kisanduku chenyewe huitwa swichi. Ya kawaida, kama zile za maofisini, hupatikana kwa dola 20 au 30. Lakini zipo zinazotengenezwa kwa ajili ya wapenzi wa muziki wenye mshiko, nazo huuzwa kwa mamia ya dola, nyingine maelfu. Ati ukiiweka, mwimbaji anasogea mbele, besi inakaza, na ukimya kati ya noti na noti unatulia. Na waliozinunua wanaapa kwamba ndivyo ilivyo.

Tuichunguze kazi ya swichi. Kinachopita kwenye waya ule si sauti bado. Ni tarakimu, sifuri na moja, zilizofungwa katika vifurushi, na kila kifurushi kina namba yake ya ukaguzi. Kikifika kimeharibika hutupwa, na kwa kawaida mtumaji hukituma tena. Vilivyofika salama husubiri kwenye kumbukumbu ya mashine inayopokea. Kisha saa ya mashine hiyo, wala si ya swichi, ndiyo inayozipangia tarakimu zamu ya kugeuzwa sauti. Muziki wa ubora wa CD unahitaji biti 1,411,200 kwa sekunde, na waya wa kawaida hupitisha milioni 100 au zaidi. Sasa huyo mwimbaji atasogezwa mbele na nini? Barua haiwi tamu kwa sababu tarishi amevaa suti.

Watetezi wanayo hoja moja, tusiwaonee. Wanasema waya wa shaba unaweza kubeba pia kelele za umeme hadi kwenye amplifaya. Kinadharia inawezekana. Ndiyo maana matundu ya waya hizo huwa na transfoma ndogo za kutenganisha umeme wa upande huu na ule. Anayehofia zaidi anaweza kutumia nyuzi za kioo, ambazo hazipitishi umeme, na wala hazihitaji maelfu ya dola. Tena kelele inayosikika ni kelele inayopimika. Ipimwe basi. Au mnunuzi asikilize bila kujua ni swichi ipi iliyounganishwa, arudie mara nyingi, tuone kama anapatia kuliko mtu anayebahatisha.

Je, hao wanaoapa ni waongo? Hapana. Mwaka 1903 profesa René Blondlot wa Nancy, Ufaransa, alitangaza kwamba amegundua mionzi mipya, na wanasayansi wengine nao wakasema wameiona. Mwaka 1904 akafika Mmarekani Robert Wood. Gizani, kimya kimya, akaiondoa prisimu ya alumini ambayo bila hiyo jaribio halina maana. Wenyeji wakaendelea kuiona mionzi yao vilevile! Mionzi haikuwapo. Wahenga walishasema: ukipenda, chongo huita kengeza.

Lakini hapa ndipo swali linaponinyima usingizi. Mwaka 2008 watafiti wa California walichapisha matokeo ya kuwaonjesha watu mvinyo huku wakiwatajia bei. Mvinyo uleule ulisifiwa zaidi ulipotajwa kuwa wa dola 90 kuliko ulipotajwa kuwa wa dola 10, na picha za ubongo zikaonyesha raha yenyewe ikiongezeka. Kumbe bei inaongeza raha ya kweli! Basi kama jamaa amelipa, akaketi, akafumba macho akafurahi, sisi tunamwingilia kwa lipi?

Jibu langu ni kwamba raha ni yake, tumwachie. Ushahidi, hata hivyo, si wake peke yake. Anaposema "nimefurahi," anaongea habari zake. Anaposema "hii swichi inabadilisha sauti, kanunue," anaongea habari za ulimwengu, na mwenziwe anafungua pochi kwa sababu ya maneno hayo. Mwingereza W. K. Clifford, mwaka 1877, alitoa mfano wa mwenye meli aliyejishawishi kwamba chombo chake kibovu ni kizima, akakiruhusu kiondoke na abiria. Kwa Clifford mtu huyo ana hatia hata kama aliamini kwa moyo mweupe, na hata kama meli ingefika salama, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini alichokwepa kukichunguza.

Swichi haizamishi mtu, kweli. Lakini yupo kijana mwenye spika zake mbili za mtumba, aliyekuwa akiufurahia muziki wake hadi alipoambiwa kwamba hajawahi kuusikia hasa. Huyo ameibiwa hata kabla ya kutoa senti. Na muuzaji anayejua kwamba jaribio la kufumba macho lipo, halafu analikwepa, hatofautiani na anayeuza mbuzi kwenye gunia.

Kwetu tunaojifunza kuandika, kazi yetu yote ni kusema "niliona, nilisikia." Basi kabla ya kusema hivyo, tukubali kwanza prisimu iondolewe.