Mwambie Daktari na Habari za Ukoo

Mtoto wa kidato cha pili anayeshikwa na tumbo kila asubuhi ya mtihani, viganja vikilowa jasho, hapa Moshi huambiwa akaze roho. Akinyamaza wiki nzima asile vizuri wala kutaka kuoga, tunasema ni kiburi. Halafu inafika likizo ya Desemba, ukoo mzima umepanda kihambani, kwenye shamba la ukoo mlimani, naye halali siku tatu: saa tisa usiku anafagia uwanja, anafua nguo zilizo safi, anaongea mfululizo juu ya biashara atakayofungua. Wazazi wanashukuru kwamba amechangamka.

Hali hizo tatu zinaweza kuwa za mgonjwa mmoja. Wasiwasi uliopita kiasi mara nyingi huandamana na sonona, na wengi wenye baipola, ambao huzama katika huzuni na kuna nyakati hupanda kupita kiasi, wana wasiwasi huo pia. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba nusu ya maradhi ya akili ya watu wazima huanza mtu akiwa hajavuka miaka 18. Yaani huanza akiwa bado mikononi mwetu.

Daktari wa hospitali ya KCMC au Mawenzi hapa Moshi humwona mtoto siku aliyopelekwa, na kwa kawaida hupelekwa akiwa na huzuni. Asiposimuliwa zile siku za kutolala, anaweza kutibu sonona peke yake. Na dawa ya sonona kama amitriptilini, mwenye baipola akiitumia bila dawa nyingine ya kuituliza hali yake, inaweza kumpandisha.

Kigumu zaidi ni ukoo, maana baipola hufuata sana damu. Yupo baba mdogo aliyepelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma, na tangu hapo hatajwi. Yupo shangazi anayesemwa alilogwa. Wenye habari hizo ni mababu na mabibi waliobaki Machame, Kibosho na Rombo, nao huzificha wakihofia mabinti watakosa wachumba. Hofu hiyo naielewa, ila siikubali hata kidogo: kwa kulinda jina, tunamwacha mtoto atibiwe kwa kubahatisha.

Kabla ya kushuka kliniki, kaa na bibi yake faragha. Muulize nani alikuwa halali, nani alijaribu kujiua, nani alitulia na kwa dawa gani. Andika, pamoja na saa anazolala mtoto kila usiku. Na akisema amechoka kuishi, usingoje tarehe ya kliniki; mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na njiani usimwache peke yake.