Injini Imefanyiwa Kazi

Sentensi yenyewe niliiandika mimi, kwa kalamu nyeusi, kwenye kikaratasi cha manjano nilichobandika kwenye kioo: *injini imefanyiwa kazi msimu huu*. Hakuna neno la uongo hapo. Injini ilifunguliwa, ikawekwa pistoni mpya mbili, ringi mpya, gasketi mpya, ikafungwa na kuwashwa, ikanguruma vizuri. Ukinipeleka kortini leo, nashinda. Na labda ndiyo maana sentensi hiyo inanisumbua kuliko uongo wote niliowahi kusema, nami nimesema mwingi.

Nilikuwa mwanafunzi kaskazini mwa Minnesota, Marekani, mwendo wa saa mbili hivi kutoka mpaka wa Kanada. Wikendi nilifanya kibarua kwenye gereji iliyotengeneza pikipiki za theluji na kuuza za mtumba. Kama hujawahi kuiona, ni chombo unachokikalia kama bodaboda, ila mbele hakina gurudumu, kina skii mbili, na nyuma kuna mkanda mpana wa mpira wenye meno unaokisukuma juu ya theluji. Watu wa kule wanakipenda kama vijana wa huku wanavyopenda gari lenye turbo na ekzosi ya kelele. Wanakichukulia mkopo, wanakipa jina, wanakigombania na wake zao.

Mapenzi hayo yana sababu, na sababu yenyewe ni injini. Nyingi za zile za mwendo kasi ni za mipigo miwili, ile mafundi wetu huita tu-stroki: nyepesi, vyuma vichache, inachoma mafuta kila krenki inapozunguka mara moja. Chukua yenye cc 800 na silinda mbili. Inatoa nguvu za farasi 150, 160. Kwa kulinganisha, nenda Lamu uangalie injini za boti za wavuvi, zile Enduro za farasi 40. Hizo nazo ni tu-stroki, zina silinda mbili na karibu cc 700. Ukubwa ni ule ule kiasi, lakini moja imeombwa nguvu mara nne ya mwenzake. Ile ya Lamu utaikuta imezeeka, rangi imebanduka, na bado inapeleka watu Faza. Haikuombwa mengi.

Ile nyingine huzunguka zaidi ya mara 8,000 kwa dakika. Piga hesabu: ni milipuko zaidi ya 130 kwa sekunde ndani ya kila silinda, juu ya pistoni ya alumini, chuma kinachoyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi wakati moto ulio juu yake una joto mara kadhaa ya hapo. Pistoni haiyeyuki kwa sababu mambo mengi yameenda sawa kwa wakati mmoja: mafuta yamekuja ya kutosha, oili imefika, maji yanapoza, na hewa haijaingia mahali isipotakiwa. Kimoja kikikosea, hata kidogo, huna dakika kumi za kusikia injini ikinoki na kuegesha kando. Pistoni hushika silinda, kila kitu kikasimama.

Kwa hiyo wenye injini hizo huishi na bili. Wengi hufungua na kubadilisha pistoni baada ya maili elfu chache, kabla hazijalalamika. Ukibahatika, uharibifu uko juu tu, pistoni na silinda, na unatoka na dola elfu moja au mbili. Usipobahatika, vipande vimeshuka kwenye krenki na beringi, na hapo niliona bili za dola 3,500, 4,000, hata zaidi. Warantii ya kiwandani kwa kawaida ni mwaka mmoja, na mwaka wa theluji una miezi minne.

Sasa turudi kwenye kikaratasi changu. Ile mashine ilikuja kwetu pistoni moja ikiwa imeungua upande mmoja kama mkate uliosahauliwa kwenye jiko. Fundi mkuu, mzee mpole aliyenifundisha kila ninachojua kuhusu injini, aliishika akaigeuza kwenye mwanga, akasema anashuku sili ya krenki. Sili ikichakaa, hewa hupenya chini, mchanganyiko unakosa mafuta, joto linapanda. Kubadilisha sili ni kufungua nusu ya chini ya injini, kazi ambayo ingemeza faida yote ya kuiuza. Nikamuuliza, kwa hiyo tukiweka pistoni mpya tu? Akainua mabega. Inaweza kukaa miaka, akasema. Inaweza isikae. Alikuwa mkweli, kwangu mimi. Kisha bosi akasema tufunge, na mimi nikapewa kalamu.

Aliyeinunua alikuwa kijana wa rika langu, mfanyakazi wa kiwanda cha mbao. Aliuliza inakimbia kiasi gani. Nikamwambia inapita maili mia moja kwa saa. Akapiga mluzi. Akasoma kikaratasi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akahesabu dola 6,500 taslimu. Mimi nilimsaidia kuipakia kwenye trela.

Haikufika mwezi. Ilimzimikia katikati ya ziwa lililoganda, jioni, nyuzi 25 chini ya sifuri, hakuna mtandao. Alitembea zaidi ya saa tatu kufuata alama za mkanda wake mwenyewe hadi barabarani. Alipoturudishia mashine, mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji. Ncha za vidole viwili zilikuwa zimekatwa hospitalini.

Sikuwahi kumwambia.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwa jambo moja: hakuuliza. Aliuliza mwendo, nikamjibu mwendo. Ni utetezi unaoujua ukishawahi kununua gari la mtumba Nairobi, ambapo muuzaji hukuambia uje na fundi wako, kana kwamba kuja na fundi kunafuta kile anachokijua yeye. Sisi tunasema mtu kanunua mbuzi kwenye gunia, na kwa kawaida tunamcheka mnunuzi. Ni kweli, yule kijana alinunua mbuzi kwenye gunia. Lakini gunia nililishona mimi.

Hoja hii ni ya zamani kuliko injini. Cicero, Mrumi, mwaka wa 44 kabla ya Kristo, aliandika juu ya mfanyabiashara anayefika kisiwa cha Rhodes na meli ya nafaka kutoka Alexandria. Kuna njaa kisiwani, bei iko juu. Njiani amepishana na meli nyingine zilizojaa nafaka, zinakuja. Je, awaambie watu, au auze chake kwanza? Cicero anawapanga wanafalsafa wawili pande mbili: Diogenes wa Babeli, anayesema kunyamaza si kuficha na mtu hawajibiki kutoa kila anachokijua, na mwanafunzi wake Antipater, anayesema mnunuzi ajue chote anachokijua muuzaji. Cicero mwenyewe anaishia upande wa mwanafunzi. Anakubali kwamba si kila kunyamaza ni kuficha. Kuficha, kwake, ni kutaka wale ambao jambo linawahusu wasilijue, kwa faida yako.

Niliposoma hayo, kwenye maktaba ya chuo, baridi ikiwa ile ile, nilihisi Diogenes ananitetea vizuri sana, na nikamchukia. Kwa sababu kunyamaza kwangu hakukuwa kutupu. Niliandika. Nilichagua neno la kweli ambalo kazi yake ni kumfanya mtu asiulize. “Imefanyiwa kazi” ni sifa kwa masikio ya mnunuzi, lakini kwa fundi ni swali: kwa nini ilihitaji kazi? Lugha yetu ina kitenzi cha hili, kughushi, kilichotoka Kiarabu, na watu wa Pwani wanalijua simulizi la Mtume sokoni aliyetia mkono kwenye lundo la nafaka akakuta chini pameloa. Muuzaji alisema ni mvua. Inawezekana mvua ilinyesha kweli. Kilichomtia hatiani si maji, ni ile nafaka kavu aliyoiacha juu.

Kuna hoja ya pili, na hii ni ngumu zaidi, sijamaliza nayo. Inasema: injini hizo huharibika, kila mtu anajua, anayetaka farasi 160 amekubali pistoni zake. Anayepanda matatu yenye muziki wa kupasua masikio halalamiki kwamba amekosa usingizi. Nguvu ile na udhaifu ule ni kitu kimoja. Huwezi kutengeneza tu-stroki ya farasi 160 inayodumu kama ya Lamu. Ukiifanya idumu hivyo, umeirudisha kuwa ya Lamu.

Nakubali nusu. Ni kweli kwamba kuharibika, kwenye mashine ya namna ile, ni sehemu ya bidhaa. Lakini basi ni sehemu ya bei. Ukiniuzia farasi 160 na usiniuzie ile dola 4,000 inayokuja nyuma yao, umeniuzia nusu ya kitu kwa jina la kitu kizima. Na kuna tofauti kati ya hatari ambayo kila mtu anaijua na sili fulani, ya injini fulani, ambayo watu watatu ndani ya gereji moja wanaishuku na wa nne, atakayeipanda, haijui.

Pia nawaza ni nani hubeba hizo bili. Mwanaanthropolojia Pertti Pelto aliandika kitabu mwaka 1973 kuhusu Wasami wa Skolt, wafugaji wa kulungu wa kaskazini mwa Ufini. Pikipiki za theluji ziliingia kwao mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwanzoni zilikuwa neema, safari ya siku ikawa ya saa chache. Lakini kulungu aliyevuta sleji alijilisha mwenyewe, chini ya theluji. Mashine ilikula petroli na spea kutoka mbali, kwa pesa taslimu. Aliyekuwa na pesa akaendelea kufuga, asiyekuwa nazo akaachwa nje, na ndani ya miaka michache familia nyingi hazikuwa tena za wafugaji. Hakuna aliyewadanganya kwamba mashine haiharibiki. Ila gharama ya kuharibika ndiyo iliyoamua nani abaki.

Na mwanzo wake ulikuwa tofauti kabisa. Joseph-Armand Bombardier, fundi wa kijiji cha Valcourt huko Quebec, alimpoteza mwanawe mdogo majira ya baridi ya 1934 kwa sababu barabara zilikuwa zimefungwa na theluji na hospitali haikufikika. Gari lake la theluji, la watu saba, lilipata hataza mwaka 1937. Pikipiki ndogo ya Ski-Doo ilikuja 1959 na injini ya farasi 7 hivi. Saba! Sisemi turudi huko, mimi mwenyewe niliwahi kupanda ile ya 160 na kucheka peke yangu ndani ya helmeti kama mwehu. Nasema tu kwamba chombo kile kilibuniwa na mtu aliyetaka kufika.

Yule kijana hakutulaumu. Hili ndilo sijui nilifanyie nini. Tulifungua injini yake, tukakuta sili imechakaa kama mzee alivyoshuku, pistoni imeungua upande ule ule, na safari hii beringi za krenki nazo zimekwenda. Bosi aliandika dola 3,800. Mimi ndiye niliyempelekea karatasi kaunta. Akaisoma polepole, akiwa ameishika kwa mkono wa kulia. Moyo wangu ulikuwa unapiga kwa sababu nilikuwa nimeamua kwamba akiuliza tu, akiuliza “mlijua?”, nitasema ndiyo, kazi iende na iende.

Akainua macho. Aliuliza kama, maadamu injini imeshafunguliwa, tunaweza kuiongezea nguvu kidogo.

Nikamwambia ngoja nimuulize fundi. Nikaingia ndani, nikasimama nyuma ya rafu ya spea, mzee akaniangalia bila kusema kitu. Rahisi ilikuwa kujiambia: unaona, hata ungemwambia angenunua tu. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Pengine ni kweli. Lakini angekuwa amenunua akijua, na jioni ile asingekwenda peke yake hadi katikati ya ziwa, au angekwenda na glavu za akiba, au angekwenda vilevile na lingekuwa lake. Uamuzi ule nilimfanyia mimi, kwa kalamu, na sikulipa hata senti.

Nilirudi kaunta. Nikamwambia inawezekana, itakuwa dola 600 zaidi. Akasema sawa.