Miaka Mitano ya Kaka

Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilipandisha umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma, kutoka miaka 55 hadi 60. Kwetu, milimani Taita, habari hiyo ilitufikia kwa redio wakati wa chakula cha jioni. Baba aliweka kijiko chini, akaninyoshea kidole, akamwambia Mama: "Sasa huyu atasoma." Nilikuwa darasa la tano, kitinda mimba. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na angetimiza miaka 55 kabla ya mwaka kwisha. Alikuwa bado analipa mkopo wa chama cha ushirika, na nyumba yetu haikuwa na dari.

Kaka yangu alikuwa ameketi upande wa pili wa meza. Alikuwa amehitimu ualimu chuo kikuu na anasubiri kuajiriwa. Alisema, "Hongera, Baba," akaendelea kula. Kwa miaka mingi nilichokumbuka kuhusu jioni ile ni kidole cha Baba. Siku hizi ninakumbuka zaidi jinsi Kaka alivyoinamia sahani yake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Umri wa kustaafu ukiongezwa miaka mitano kwa mpigo, aliyekuwa aondoke 2009 ataondoka 2014, na aliyekuwa aondoke 2010 ataondoka 2015. Katikati hapo, ukiwatoa waliofariki, waliojiuzulu na walioamua kwenda mapema, hakuna anayetoka. Kaka hakuwa akisubiri kiti cha Baba, maana Baba alifundisha msingi naye alisomea sekondari. Lakini mishahara yote miwili ilitoka mfuko mmoja, na mfuko huo sasa ulikuwa na watu wa kuwalipa kwa miaka mitano zaidi. Kaka alifundisha kama mwalimu wa bodi ya shule, kwa malipo yaliyotegemea kama wazazi wamelipa karo muhula huo. Barua ya ajira ilimfikia 2015. Baba alikuwa amestaafu mwaka mmoja kabla. Katikati ya barua hizo mbili, mimi nilimaliza shule ya msingi na kuingia kidato cha kwanza, na karo ilipatikana.

Kila mjadala wa umri wa kustaafu unaporudi, vijana wenzangu husema wazee wamekalia viti vyetu. Huwa nashindwa kuitikia, na huwa nashindwa kukanusha. Wako wanaojibu kwamba ajira si viti: mzee anayelipwa hununua unga, hujenga, husomesha, na fedha zake huzaa kazi kwingine. Kwa uchumi mzima huenda ni kweli. Lakini mwalimu anayesubiri nafasi iliyo katika bajeti ya serikali hasubiri uchumi mzima. Kwake yeye kiti kipo, kimehesabiwa, na kina mtu.

Hata hivyo sioni kosa la Baba. Hakuomba sheria ibadilishwe. Aliambiwa aendelee kufanya kazi aliyoipenda na kuijua, akaendelea. Wala sababu za serikali hazikuwa za kipuuzi. Pensheni za watumishi wake zililipwa moja kwa moja kutoka hazina, yaani kutoka kodi, na mzigo huo ulikuwa ukikua. Mtu wa miaka 55 leo si kikongwe. Namba 60 haina dhambi yoyote.

Ninachokiona ni kwamba uzito uliwekwa wote mahali pamoja. Ujerumani ilipoamua kutoka miaka 65 hadi 67, ilianza mwaka 2012 kuongeza mwezi mmoja mmoja, baadaye miezi miwili miwili, ili safari ikamilike 2031. Hata kwetu tunajua kwenda polepole tukitaka. Mpango mpya wa pensheni ulipoanza Januari 2021, watumishi walitakiwa kuchangia asilimia 2 ya mshahara mwaka wa kwanza, 5 wa pili, na 7.5 kuanzia wa tatu, huku waliopita miaka 45 wakiachiwa uamuzi wa kujiunga au kubaki walipo. Mwenye mshahara alipunguziwa makali hatua kwa hatua. Asiye na mshahara, mwaka 2009, alifungiwa mlango mara moja. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

John Rawls, katika kitabu chake A Theory of Justice cha mwaka 1971, alipendekeza tuzipime kanuni za jamii kana kwamba hatujui sisi wenyewe tutaangukia nafasi gani ndani yake. Nimejaribu kufanya hivyo kwa meza yetu tu. Kama nisingejua nitaamka jioni ile nikiwa Baba, Kaka au mtoto wa darasa la tano, je, ningeipitisha sheria ile? Ningekubali umri upande. Nisingekubali upande kwa siku moja. Na ningeuliza kuhusu shangazi yangu pia, aliyekuwa jikoni usiku ule, anayeuza mboga sokoni hadi leo. Yeye hana umri wa kustaafu wa kupandishwa wala kushushwa; anasubiri kutimiza 70 apate shilingi 2,000 kwa mwezi za wazee.

Basi mimi niko wapi katika hesabu hii? Sikutenda lolote. Nilikuwa mtoto. Kwa muda mrefu jibu hilo lilinitosha. Lakini nadhani nilikuwa nikichanganya hatia na deni. Hatia humfuata aliyetenda. Deni linaweza kumfuata aliyefaidi, hata kama hakuomba, pale anapojua faida yake imetoka kwa nani. Baba hana hatia, wala mimi sina. Lakini elimu yangu ililipwa kwa miaka mitano ambayo Kaka hakuulizwa kama anaitoa.

Ndiyo maana siungi mkono wale wanaotaka umri urudishwe 55 kesho asubuhi. Kuna mwalimu mahali fulani mwenye mtoto wa darasa la tano na nyumba isiyo na dari, na tungemfanyia yeye kile kile alichofanyiwa Kaka. Nataka tu kila mabadiliko ya namna hii yaanze kwa swali ambalo mezani kwetu halikuulizwa: nani atasubiri, na atapewa nini kwa kusubiri kwake?

Mwaka jana nilimuuliza Kaka kama aliwahi kuwa na kinyongo. Alicheka. "Ulitaka nimwambie Baba akatae mshahara?" Kisha akanyamaza kidogo, akasema kilichomuuma hakikuwa umaskini, bali kuitwa kijana mpaka alipokaribia miaka thelathini.

Binti yake ameanza sekondari ya chini. Kila muhula, katika vijisenti ninavyopata kwa kazi za muda huku nikimalizia uzamili, namtumia kiasi kidogo kwa simu. Yeye hujibu, "Asante kwa msaada, mdogo wangu." Sijawahi kumsahihisha.