Dhahabu Nayo Hufika Mahali Ikatosha

Somo: Kutoka 36:3-7, Mhubiri 11:2

Wazee wetu wanaokaribia kustaafu wameniuliza swali. Wamesikia dhahabu imepanda, Oktoba 2025 ikapita dola 4,000 kwa wakia. Sasa mtu anauliza, "Mchungaji, nitoe pesa yangu yote ya uzeeni niweke huko?" Hebu tufungue Neno.

Katika Kutoka 32, Waisraeli walivua pete za masikio wakatengeneza ndama. Sura ya 35, watu wale wale wanaleta dhahabu ya kujenga hema ya Bwana. Kilichobadilika ni nini? Ni mahali ilipowekwa. Kwa hivyo usimwambie jirani yako kwamba dhahabu ni dhambi. Muulize tu, imeketi kwenye kiti cha nani?

Sasa angalia sura ya 36. Mafundi wanamwendea Musa: watu wanaleta kupita kiasi! Musa anatangaza kambini kwamba wasilete tena. Alijua vimetosha kwa sababu kipimo cha kazi kilikuwapo tangu mwanzo. Mpendwa, kama hukuweka kipimo, utajuaje imetosha?

Tuseme una milioni moja ya kustaafu, na mmekubaliana wewe na mke wako dhahabu ichukue sehemu ya kumi tu, yaani 100,000. Zile 900,000 ziko kwa bondi za serikali, SACCO na kwingineko. Dhahabu ikipanda mara mbili na hizo zingine zikikaa vile zilivyo, una 200,000 za dhahabu kati ya 1,100,000. Hiyo ni asilimia 18. Tamaa inasema, "Ongeza!" Hekima inasema, "Rudisha mizani." Unauza ya 90,000, unabaki na 110,000, na ile uliyouza unaipeleka kwa zile zingine. Dhahabu ikianguka, unatoa kwa hizo zingine na kuijaza tena hadi sehemu ya kumi, badala ya kuitupa kwa hofu. Fanya hivyo mara moja kwa mwaka. Si kila asubuhi kuangalia bei kwa simu hata kabla hujaomba!

Mbona tujisumbue hivi? Kwa sababu dhahabu haizai riba wala gawio. Inangoja bei tu. Januari 1980 ilifika kama dola 850 kwa wakia. Mwaka 1999 ilikuwa imeshuka hadi karibu 250. Ile 850 haikupitwa mpaka 2008. Miaka 28! Mzee aliyestaafu 1980 akiwa na miaka 60, akaweka yote huko, angengoja hadi afike 88. Na dawa zake je? Na unga? Ndiyo maana Mhubiri anafundisha kugawa mafungu saba, hata manane, kwa kuwa hatujui ni baya gani litakuja duniani.

Na mtu akikuonyesha sanduku la dhahabu ya bei rahisi katika ofisi fulani mjini, kimbia kama Yusufu. Acha koti nyuma!

Tena nitasema hili wazi. Mtu yeyote, hata akiwa amesimama kwa madhabahu hii, akikuambia ulete malipo yako yote ya kustaafu leo ili upate maradufu kesho, usiyatoe. Nenda nyumbani kwanza. Keti na mke wako, au mume wako, muombe, mpige hesabu. Mungu wetu hatishwi na hesabu. Amina?

Maombi: Baba, tufundishe kujua kipimo. Bei ikipanda, tusiwe na kiburi. Ikishuka, tusiwe na hofu. Uzee wetu uko mikononi mwako. Katika jina la Yesu, amina.

Kwa ushirika wa nyumbani: Katika nyumba yako, ni kitu gani hakijawekewa kipimo? Nani anakisimamia, na mwenzako anajua?