Theluji Inayoanguka Juu, Ambako Hakuna Anayeiona



Nilipompigia mama simu kumwambia kwamba nimealikwa kusafiri kwa meli hadi Alaska kuona mito ya barafu, alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Mwanangu, yaani unapanda meli kwenda kuangalia barafu? Si uje nyumbani tu, Kibo iko hapa unaiangalia bure." Mama yangu anaishi Marangu. Nilicheka sana, lakini swali lake lilinifuata safari nzima.

Niwaeleze ilivyokuwa. Mimi ni frateri. Falsafa nilimaliza nyumbani Tanzania, kisha askofu akanituma Marekani kwa masomo ya teolojia. Mwaka huo nilikuwa kwenye mwaka wa uchungaji, katika parokia moja si mbali na Seattle. Hapo parokiani kulikuwa na mzee mmoja na mkewe, watu wa benchi la pili, wale ambao usipowaona Jumapili unajua moja kwa moja kwamba kuna mgonjwa. Walikuwa wamelipia safari ya siku saba ya mwezi Septemba, kusherehekea ndoa yao. Mwezi Machi mke akafariki. Tangu siku ya mazishi mzee hakukanyaga tena kanisani.

Mwezi Agosti alikuja ofisini kwa paroko, akaweka tiketi mezani: "Nafasi yake imeshalipiwa. Mpeni frateri. Siwezi kwenda peke yangu."

Paroko aliniruhusu. Nami, niseme ukweli, nilijiona nimepata kazi yangu. Si nina digrii ya falsafa? Nilibeba hata daftari langu la zamani lenye maelezo juu ya tatizo la uovu. Nikajisemea: siku saba zinatosha, mzee atarudi kanisani.

Rafiki za Ayubu

Meli iliondoka Seattle ikaelekea kaskazini. Septemba huko ni mwisho wa msimu: majani yamegeuka manjano, mvua haikatiki, na nyangumi wa nundu wanakula kwa mara ya mwisho kabla ya wengi wao kuogelea maelfu ya kilomita hadi Hawaii, ambako huzaa na karibu hawali kitu. Abiria walikuwa wakikimbilia upande mmoja kila mtu anapopaza sauti "Kule!" Mzee hakukimbia. Alikaa na kikombe cha kahawa, na kiti cha pembeni yake aliweka koti ili mtu asikikalie. Mimi nilikaa upande wa pili.

Siku ya tatu tulifika Juneau, makao makuu ya jimbo la Alaska, mji ambao huwezi kuufikia kwa barabara kutoka nje. Ni meli au ndege tu. Kwenye barabara ya pwani inayotoka mjini, kilomita kama 35 hivi, kuna kituo cha hija cha Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Ni kanisa dogo la mawe juu ya kisiwa kidogo, unafika kwa njia nyembamba ya mawe iliyojengwa juu ya maji. Teresia ndiye msimamizi wa Alaska, na tangu 1927 ni msimamizi wa misioni pia. Ajabu, si kweli? Msichana aliyeishi ndani ya monasteri kule Lisieux, Ufaransa, akafa mwaka 1897 akiwa na miaka 24.

Nilimpeleka mzee huko. Tulipofika kwenye ile njia ya mawe akasimama. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikaona hapa ndipo mahali pake, nikaanza. Nikamweleza Mtakatifu Augustino, kwamba uovu si kitu chenye kuwepo chenyewe, bali ni ukosefu wa wema unaopaswa kuwepo. Nikaingia kwa Tomaso wa Akwino. Nilikuwa naongea vizuri, wallahi, hata mwalimu wangu angenipa alama.

Mzee akaniangalia, akasema taratibu: "Kijana, mke wangu hakuwa ukosefu. Alikuwa mtu."

Akageuka, akarudi kwenye gari. Kanisani hakuingia. Mimi niliingia peke yangu, nikapiga magoti, na nikagundua sina la kusema. Si siku hiyo tu. Kwa miezi mingi nilikuwa nasali Masifu ya Asubuhi kama mtu anayesoma masharti ya mkataba kabla ya kutia sahihi. Nilikuwa nimejaa maneno juu ya Mungu, na karibu sina neno la kumwambia Mungu.

Usiku huo nilisoma Kitabu cha Ayubu. Mnakumbuka marafiki watatu wa Ayubu? Tunawasema vibaya, lakini soma sura ya 2, aya ya 13. Walipofika na kuona maumivu yake, walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno. Siku saba! Sawasawa na safari yetu. Hapo walikuwa marafiki kweli. Makosa yao yalianza walipofungua mdomo. Mimi sikuweza hata siku tatu.

Radi nyeupe

Asubuhi iliyofuata tuliingia Glacier Bay, Ghuba ya Barafu. Wahifadhi wa hifadhi ya taifa wanakuja na boti, wanapanda melini na kuwaeleza abiria. Mhifadhi alituambia jambo lililonishangaza: mwishoni mwa karne ya 18, wakati meli za nahodha Vancouver zilipopita, hiyo ghuba karibu haikuwepo. Barafu ilikuwa imeijaza. Kabla ya hapo barafu hiyohiyo, ikisonga mbele, ilikuwa imewafukuza watu wa Tlingit kutoka makao yao ya mababu. Kufikia 1916 ilikuwa imerudi nyuma zaidi ya kilomita 100. Meli yetu ilikuwa inaelea mahali palipokuwa barafu tupu.

Tulifika mbele ya mto wa barafu unaoitwa Margerie. Jamani, picha hazitoshi. Ni ukuta unaosimama kutoka majini, upana kama kilomita moja na nusu, wenye nyufa na minara, na ndani ya nyufa kuna ubuluu ambao sijawahi kuuona popote. Barafu iliyobanwa sana hufyonza mwanga mwekundu, ubuluu ndio unaobaki. Sili walikuwa wamelala juu ya vipande vya barafu kama watu waliochoka na kazi. Nahodha akapunguza injini. Watu zaidi ya elfu moja wakawa kimya. Safari hii na mimi nilifunga mdomo.

Halafu ukasikika mlio kama bunduki, kisha ngurumo, na kipande kikubwa kama nyumba kikaporomoka baharini. Watlingit huita sauti hiyo radi nyeupe. Abiria walipiga makofi. Mzee hakupiga. Alimsogelea mhifadhi na kumwuliza: "Kila kinapoanguka kipande, ndiyo unakufa hivyo?"

Mhifadhi akamjibu kwamba si lazima. Kila mto wa barafu unaofika baharini huangusha vipande, hata ule wenye afya. Ukitaka kujua kama unaishi au unakufa, usiangalie huku mbele tu. Angalia juu milimani, zaidi ya mawingu, ambako abiria hawaoni. Kule theluji inaanguka, chembe juu ya chembe, mwaka juu ya mwaka, inabanana mpaka inakuwa barafu, na kwa uzito wake yenyewe inaanza kutembea. Ikiwa theluji inayoingia juu inatosha kufidia kinachopotea chini, mto unaishi. Isipotosha, unarudi nyuma, hata kama uso wake leo bado unapendeza. Na mito mingi ya Alaska, alisema, sasa inarudi nyuma kwa sababu dunia inapata joto.

Nilimkumbuka mama. Tangu 1912 Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Mama ameona kwa macho yake Kibo ikivuliwa nguo nyeupe kidogo kidogo. Na mimi nilikuwa nimesimama kwenye meli kubwa inayochoma mafuta usiku na mchana. Sikujisikia vizuri, na sidhani kama nilipaswa kujisikia vizuri. Papa Fransisko alipotuandikia *Laudato Si'* mwaka 2015 alitaka tuyaone haya kuwa mambo ya imani, si ya wanasayansi pekee.

Mzee alibaki ameshika chuma cha sitaha muda mrefu. Mwishowe akasema, kama anayejisemea: "Nimekuwa nahesabu vinavyoanguka tu."

Sikujibu kitu. Namshukuru Mungu kwamba sikujibu.

Saa tano usiku

Jioni hiyo nilikuwa naongea na mama kwa simu karibu na ngazi, mara kijana mmoja mwenye sare ya kufulia akasimama: "Bongo hiyo! Mambo, bro?" Alikuwa Mkenya, mtu wa Mombasa, yuko melini mwezi wa saba bila kuona nyumbani. Aliposikia mimi ni frateri aliniambia kwamba baadhi ya wafanyakazi, wengi wao Wafilipino, husali rozari saa tano usiku kwenye chumba kidogo cha mikutano, abiria wakishalala. "Hatuna padri, lakini tunasali. Karibu, frateri."

Nilipokuwa natoka chumbani mzee aliinuka. "Nakuja. Lakini sisali."

Walikuwa watu tisa hivi, wengine bado wana harufu ya sabuni na jikoni. Wanasafisha vyumba vyetu, wanatupikia, wanafua mashuka yetu, na ile barafu ya Margerie wengi wao hawakuiona kabisa, maana walikuwa zamu. Mzee alikaa karibu na mlango. Kabla ya kila fumbo mtu alitaja nia: mtoto anayefanya mtihani, mama mwenye kisukari, mume aliyepoteza kazi. Tulipofika fumbo la tano, kiongozi, dada mmoja wa usafi, akamgeukia mzee na kumwuliza kwa upole: "Na wewe, baba, tumwombee nani?"

Kimya. Kisha mzee akataja jina la mkewe. Jina tu, basi. Wakamwombea watu ambao hawakumjua.

Vijana, hapo ndipo nilipoelewa. Hii ndiyo theluji ya juu. Hakuna abiria aliyeiona, hakuna aliyepiga picha. Lakini imani yetu inaishi kwa vitu kama hivi: rozari ya watu waliochoka, jumuiya ndogo ndogo ya mama yangu kila wiki chini ya migomba, Teresia ndani ya monasteri yake. Mungu anapomjibu Ayubu, katika sura ya 38, aya ya 22, hampi maelezo ya falsafa. Anamwuliza kama amewahi kuingia kwenye ghala za theluji. Nilikuwa naona ni jibu la kukwepa. Sasa naona ni mwaliko: Ayubu, kuna mahali usipopaona, na huko sijaacha kufanya kazi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiona mambo yanaporomoka maishani mwako, umefiwa, umeachwa, umefeli, una mashaka ambayo huthubutu kumwambia katekista, usikimbilie kusema imani yako imekufa. Vipande huanguka hata kwa watakatifu. Jiulize swali la mhifadhi: huko juu bado theluji inaanguka? Na uwe mkweli, maana inawezekana kinyume chake pia. Unaweza kuwa mbele unapendeza, unaimba kwaya, unaandika tafakari mtandaoni kama mimi, na juu hakuna chembe inayoingia. Huo mto unarudi nyuma, ni suala la muda tu.

Kwa wiki hii

Kwanza, chagua sala moja fupi ambayo hakuna atakayekuona ukiisali, na uisali kila siku, hata ukiwa huna hamu. Pili, mtembelee mtu mwenye msiba, ukae naye, na uache maelezo nyumbani. Tatu, acha jambo moja la anasa linaloumiza dunia hii tuliyokabidhiwa. Mimi nimeshamwahidi mama: barafu inayofuata nitaiona Marangu.

Mtauliza mzee yuko wapi. Jumapili baada ya kurudi nilimwona kanisani. Si benchi la pili. Benchi la mwisho, karibu na mlango, koti lake ameliweka pembeni yake. Hakuja kukomunika. Wakati wa kuwaombea marehemu aliinamisha kichwa. Nilitaka kwenda kumsalimia, nikamwacha kwanza.

Tuombe. Ee Bwana, wewe unayejua ghala za theluji, utuangushie neema yako mahali tusipopaona. Uwafariji wanaoomboleza, uwalinde wanaofanya kazi baharini mbali na watoto wao, uwapokee marehemu wetu katika mwanga wako. Na sisi utufundishe kunyamaza, ili tujifunze kusali. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, utuombee.

Ndugu yenu, Frateri.