Nini Kitakurudisha Nyumbani?

Anayeishi Nairobi akiitwa kwa mahojiano ya viza huamka, akaoga, akapanda matatu, na kufikia saa tano yuko kazini akiwasimulia wenzake. Wa Bungoma huanza safari jana yake. Hulipa nauli ya watu wawili kwa sababu mzee haachwi aende peke yake mjini, hulala ameketi kwenye basi, na anapofika dirishani kuulizwa maswali, mwili umeshamjibia nusu: macho mekundu, sauti imekauka, rinda limekunjamana. Huyo ndiye anayetakiwa kumshawishi mtu asiyemjua, kwa dakika chache, kwamba ana mambo yake na hana haja ya kutoroka.

Februari 2025 nilimsindikiza shangazi yangu kwa shughuli hiyo. Binti yake ni muuguzi ng'ambo, na wakati huo alikuwa mja mzito, uzao wa kwanza, akitarajiwa kujifungua Mei. Kwetu binti akijifungua mama yake huenda kumwangalia, na hakuna anayeuliza anaendea nini. Shangazi alipanga safari yake kikulima. Angepanda mahindi mvua zikianza, apalilie mara ya kwanza, ndipo apande ndege, na arudi kabla ya mavuno. Anapanda H614, mbegu ambayo watu wa Trans Nzoia wameizoea miaka mingi na ambayo huchukua miezi sita na zaidi kukomaa, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa sawa. Mbegu yenyewe alikuwa ameshainunua. Risiti aliitia kwenye bahasha ya kaki pamoja na cheti cha ndoa, cheti cha kifo cha mumewe, taarifa ya benki na barua ya mwaliko.

Nilipomwuliza risiti ya mbegu inaenda kufanya nini ubalozini, alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, mtu akishanunua mbegu ataenda wapi?"

Joto la mwezi huo lilikuwa la kusemwa. Februari ni mwezi wa joto kwetu hata katika mwaka wa kawaida, mashamba yakiwa yamelimwa na kubaki wazi, vumbi jekundu likimfuata kila mwenye trekta. Lakini Kitale ni mji wa watu wanaovaa sweta asubuhi, na mwaka ule sweta zilikaa kabatini. Sudan Kusini ilifunga shule kwa wiki mbili baada ya wanafunzi kuzirai Juba. Machi 2024 ilikuwa imezifunga pia, nyuzi zikitarajiwa kufika 45. Madereva wa malori wanaopitia Kitale na Lodwar kuelekea huko walikuwa wakiyasimulia kama habari za vita. Sisi hatukufika huko, ila mzee wa miaka sitini na kitu hahitaji nyuzi 45 ili aanguke kwenye foleni.

Niliteremka Bungoma kumchukua, tukapanda basi la usiku pale Kanduyi. Basi la usiku lina hofu yake. Barabara hiyo ndiyo iliyoua zaidi ya watu thelathini kwa ajali moja pale Migaa, tarehe 31 Desemba 2017, na serikali ikapiga marufuku safari za usiku za mbali kwa muda. Marufuku yaliondolewa, na wenye miadi ya saa moja unusu asubuhi wakarudi barabarani, maana hawana namna nyingine. Ukisafiri mchana utalipa malazi Nairobi, na utapita Nakuru na Gilgil jua likiwa utosini, madirisha ya basi hayafunguki, abiria wote wakijipepea kwa magazeti.

Usiku tulitoka jasho hadi Turbo. Tulipofika Timboroa, ambako reli hupita zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, tukatetemeka na shangazi akanifunika leso yake moja. Nakuru joto likarudi. Njia nzima hakunywa maji. Nilidhani amesahau, nikamnunulia chupa. Akaishika mkononi bila kuifungua, na ndipo akaniambia: akinywa atahitaji choo, na kama ataitwa jina akiwa chooni, itakuwaje?

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa siku ile. Huyu ni mama aliyewazika mume na wakwe, akalea watoto, akagombana na madalali wa mahindi na kuwashinda. Lakini ofisi asiyoijua imemtisha hadi anajinyima maji kwenye joto, saa kumi na mbili mfululizo, asije akapotea kwenye orodha. Hakuna aliyemkataza. Kajikataza mwenyewe kwa sababu ndivyo ofisi za nchi hii zilivyomfunza: ukiondoka kwenye foleni, umeondoka.

Ubalozi wenyewe sitautaja, na tabia za mlangoni zinafanana kwa wengi wao. Simu haiingii, mkoba hauingii, msindikizaji haingii. Ng'ambo ya barabara kuna vijana wanaokuhifadhia simu kwa ada, na biashara yao inakwenda vizuri. Foleni ilikuwa nje, na kivuli cha ukuta kilidumu hadi kama saa tatu kisha kikaisha. Niliwaona wanaume wa suti za sufi, za harusi na matanga, jasho likiwalowesha kola, na hakuna aliyevua koti. Wote waliambiwa na mtu fulani kwamba koti linasaidia. Shangazi alivaa rinda la kanisani la kitambaa kizito na sweta juu yake. Nilimsihi aivue. Akasema picha ya viza alipigwa akiwa nayo, wasije wakasema si yeye.

Mahojiano nilisimuliwa naye, alipotoka. Aliulizwa anaenda kwa nani, akajibu. Aliulizwa nani analipa, akajibu. Kisha, kupitia mkalimani, akaulizwa ana nini Kenya cha kumrudisha.

"Nikamwambia mahindi."

Wakamwuliza kama ana hati ya shamba. Akasema shamba lipo Kiminini, Trans Nzoia, ekari anazijua, mpaka anaujua, ila hati iko kwa jina la baba mkwe, ambaye alikwisha kufa. Wakamwuliza kama ameajiriwa. Hapana. Akaingiza mkono kwenye bahasha atoe risiti ya mbegu, lakini yule mtu nyuma ya kioo alikuwa tayari anaandika. Akarudishiwa pasipoti na karatasi yenye sababu: hajaonyesha uhusiano wa kutosha na nchi yake.

Sina haja ya kumchora ofisa huyo kama mtu mbaya. Anahoji watu wengi kwa asubuhi moja, na sheria anayotumia huanza na shaka. Chukua mfano wa Marekani, ambao umeandikwa wazi: kifungu cha 214(b) cha Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya 1952 kinamchukulia kila mwombaji wa viza ya matembezi kuwa anakusudia kuhamia, hadi yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Mzigo ni wa mwombaji. Ada hairudishwi. Marekani hutoza dola 185 tangu katikati ya 2023, nchi za Schengen yuro 90 tangu Juni 2024. Dola 185 ni kama shilingi 24,000, yaani magunia sita ya mahindi kwa ile bei ya 4,000 kwa gunia la kilo 90 iliyotangazwa na serikali mwishoni mwa 2023, kama ulibahatika kulipwa bei hiyo. Magunia sita huliwa na familia miezi mingi.

Sisi nasi si malaika. Januari 2024 Kenya ilijisifu kuwa imeondoa viza kwa dunia nzima, kisha ikamtaka karibu kila mgeni asiye wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ajaze fomu mtandaoni na kulipa dola 30, wakiwemo raia wa nchi za Afrika ambao hapo awali waliingia bila kulipa chochote. Ilichukua mwaka mzima hivi kulegeza kamba kwa Waafrika wenzetu.

Lakini kinachonikaa rohoni ni hilo swali la nini kitakurudisha, kwa sababu ni swali zuri lililoulizwa kwa lugha ya karatasi. Ukiniuliza mimi ni nani katika ukoo wetu ambaye hawezi kabisa kuhamia ng'ambo, nitamtaja shangazi kabla hujamaliza kuuliza. Ana kaburi la mumewe uani. Ana chama anachokiwekea fedha, na zamu yake ni Agosti. Ana ng'ombe mwenye mimba, na kesi ya mpaka na jirani ambayo hawezi kuiacha nusu kwa sababu jirani atafurahi. Hakuna hata kimoja katika hivyo chenye mhuri. Wakati huo huo namjua kijana mmoja wa mjini Kitale, asiye na shamba wala mke wala kazi ya maana, ambaye ndugu zake walimjazia akaunti ya benki miezi kadhaa kabla ya miadi, wakamtafutia barua ya kazi, akapata viza kwa mara ya kwanza. Alikwenda, na hajarudi. Fedha zao walizitoa benki wiki ile ile.

Kwa hiyo karatasi huwapima vibaya wote wawili, na hilo maofisa wanalijua vizuri kuliko mimi. Wamezoea akaunti zinazonona ghafla, ndiyo maana hata akaunti nyembamba ya kweli hawaiamini.

Lakini upande mmoja wa tatizo hili ni wetu wenyewe. Kwa nini hati ya shamba la Kiminini bado iko kwa jina la marehemu? Trans Nzoia yote ni historia ya karatasi za namna hiyo. Ardhi ilichukuliwa ikapewa walowezi, wakiwemo askari waliozawadiwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Uhuru ulipofika, ikagawanywa kwa miradi ya makazi na kununuliwa na vikundi na vyama vya ushirika vya watu waliochanga, wengi wao wakitoka Bungoma. Baba mkwe wa shangazi alikuwa mmoja wa wachangaji hao. Alikufa akiwa na hati, wanawe wakagawana shamba kwa kupiga hatua na kupanda miti ya mpakani, na tangu hapo kila mmoja analima pake kwa amani. Kwenda mahakamani kufungua mirathi kulionekana gharama na uchuro. Sasa wajukuu ni watu wazima na kwenye kitabu cha serikali mwenye shamba bado ni mzee aliyelala kaburini.

Serikali ikitaka inaweza kulegeza haya, na nasema hivyo kwa sababu imewahi. Kuna wakati pasipoti ilikuwa safari ya Nyayo House, Nairobi, kwa kila Mkenya wa magharibi. Siku hizi tunaipata Eldoret au Kisumu, na mbingu hazikuanguka. Balozi nazo huwa na mawakala wa kuchukua alama za vidole na kupokea fomu. Sioni kinachowazuia kufungua dirisha Eldoret, mji wenye uwanja wa ndege wa kimataifa tangu 1997, hata kama ni siku chache kwa mwezi. Na kama wanasisitiza mtu afike Nairobi, basi turubai la kivuli na bomba la maji nje ya ukuta si gharama kwa nchi inayotoza kila kichwa fedha hizo.

Shangazi hakulia. Alikunywa ile chupa yote kwa mkupuo mmoja, akanituma ya pili, akataka tupande basi la mchana bila kungoja usiku. Tulipofika Nakuru alikuwa amempigia binti yake, amempigia mtu wa trekta, na ameulizia kama ujumbe wa mbolea ya ruzuku ya shilingi 2,500 umeanza kuingia kwenye simu za watu. Mjukuu alizaliwa Mei, salama, mama mkwe wa binti akiwa karibu. Tunamwona kwenye simu.

Tangu hapo shangazi ameamua kwamba ataomba tena, na safari hii akiwa na hati. Alikwenda kwa chifu kutafuta barua ya kufungulia mirathi. Chifu akamwambia barua hiyo lazima itaje nyumba zote za marehemu, siyo yake peke yake, kwa hiyo akaita kikao. Mashemeji wawili walikuja, wa tatu akatuma mwanawe aje asikilize. Swali la kwanza walilouliza ni kwa nini mjane, baada ya miaka yote hii ya kulima kimya, ameamka ghafla anataka shamba liandikwe. Mmoja alisema waziwazi: huyu anataka kuuza aende kwa binti yake. Akawaeleza kwamba hati ni ya kuonyesha kuwa atarudi. Wakacheka. Kikao kimeahirishwa hadi baada ya mavuno, na mwaka huu kila nyumba inapanda miti mipya kwenye mpaka wake.