Haki ya Kumsumbua Jirani

Wapo watu wanaojivunia kwamba hawamsumbui mtu. Katika ploti za kupanga za Uthiru, pembezoni mwa Nairobi, utawakuta: kodi wanalipa mapema, wanasalimu kwa adabu, kisha wanafunga mlango. Sisi tunawasifu. Nadhani sifa hiyo inatudhuru, na hudhuru zaidi mambo yanapokuwa magumu.

Aprili 2020, wakati wa korona, ilituonyesha. Kafyu ilikuwa imeanza tarehe 27 Machi, na tarehe 6 Aprili Nairobi na viunga vyake vya Kiambu vikafungwa. Aliyefiwa na mzazi Busia alimlilia akiwa chumbani Uthiru, na binadamu aliyekuwa karibu naye kuliko wote alikuwa mpangaji wa mlango wa pili, ambaye pengine hakujua hata ametoka wapi.

Mwanafalsafa John Mbiti aliandika mwaka 1969 kwamba Mwafrika huwa mtu kupitia jamii yake. Naikubali hoja yake, ila jamii aliyoichora ni ile mtu anayozaliwa ndani yake, pamoja na wafu wake na watakaozaliwa. Ploti haina wafu wake. Mpangaji huja na godoro na meko ya gesi, na mwisho wa mwezi anaweza kuhama. Undugu wa hapo hauanzi mpaka mmoja aombe. “Mama Shiru, niangalizie mtoto nifike steji.” Aliyesema hivyo amepata msaada, lakini pia amempa Mama Shiru ruhusa ya kuomba kesho. Asiyeomba kamwe humnyima jirani ruhusa hiyo, na aibu yake mwenyewe huwa desturi ya korido nzima. Je, ambaye hajawahi kuomba hata chumvi atapata wapi sauti ya kugonga mlango usiku wa manane aseme hataki tena kuishi?

Sheria nayo iliunga mkono ukimya huo. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Mahakama Kuu ilipokibatilisha Januari 2025. Kabla ya hapo, kueleza yaliyokupata kulikuwa sawa na kukiri kosa. Sasa mtu anaweza kusema bila hofu ya seli. Lakini Hospitali ya Mathari, ya magonjwa ya akili, iko Barabara ya Thika, ng'ambo ya jiji, na usiku jirani ndiye aliye karibu.

Najua pingamizi, tena ni nzito. Karibu kila ploti ina mwanamke mmoja anayepelekewa shida za wote, na hakuna anayemuuliza ameamkaje. Kumwongezea mizigo kwa jina la undugu ni dhuluma. Huyo ndiye ninayemdaia haki hii ya kumsumbua jirani kuliko wengine: aseme waziwazi kwamba leo hana nguvu, kila mtu achukue mtoto wake, na mmoja abaki ampikie.